Sahani Imejaa, Bei Haiumi: Chakula cha Mchana Vijijini Ureno

Ikifika saa sita na nusu mchana, barabara ya kijiji cha Alentejo, kusini mwa Ureno, huwa haina mtu. Jua linachoma, madirisha yamefungwa, mbwa wamejilaza kivulini. Lakini mbele ya nyumba moja yenye kuta za chokaa nyeupe na ukanda wa buluu chini, magari ya mafundi, lori na trekta vimeegeshwa ovyo ovyo. Mlangoni pananing'inia pazia la nyuzi la kuzuia nzi. Ndani kuna meza kumi au kumi na tano, karatasi nyeupe imetandikwa badala ya kitambaa, televisheni inasema peke yake, na harufu ya vitunguu saumu na mafuta ya zeituni imetanda chumba kizima. Kijiji chote kimehamia hapo.

Mtalii anayekwenda Ureno huijua Lisbon, Porto na fukwe za Algarve, na mara nyingi huishia kula penye menyu za picha zilizoandikwa kwa lugha tano. Mreno mwenyewe akitaka kushiba hutafuta mahali kama hapa. Jina hubadilika: wengine wataita tasca, wengine casa de pasto, wengine mgahawa tu. Menyu huandikwa kwa kalamu kila asubuhi, jikoni yupo mama mwenye nyumba, na kinachopikwa ni kile ambacho wateja walilishwa na bibi zao. Wareno hukiita comida caseira, chakula cha nyumbani, na kwao hakuna sifa kubwa kuliko hiyo.

Pesa kidogo inanunua nini

Anayeingia kwa mara ya kwanza asihangaike na orodha ndefu. Aulize prato do dia, yaani chakula cha siku. Katika vijiji vingi vya bara, mbali na pwani ya watalii, bei yake huzunguka euro 10, pengine pungufu kidogo, pengine imezidi kidogo. Kwa pesa hiyo mara nyingi mteja huwekewa mkate, bakuli la supu, sahani kuu na kinywaji, kisha kahawa au kitindamlo.

Bei hiyo ina sababu zake. Mwaka 2025 kima cha chini cha mshahara nchini Ureno kilikuwa euro 870 kwa mwezi, kiwango kidogo kwa nchi ya Ulaya Magharibi. Posho ya chakula ya mtumishi wa umma ilipandishwa mwaka 2023 hadi euro 6 kwa siku ya kazi. Wanaokaa kwenye meza hizi ni waashi, madereva, vibarua wa mashamba ya zeituni, wafanyakazi wa halmashauri na wastaafu. Mwenye mgahawa anawajua kwa majina na anajua mifuko yao. Akipandisha bei kupita uwezo wa mwashi, amewapoteza wateja wa Jumatatu hadi Ijumaa, na hao ndio wanaoiweka biashara hai mwaka mzima.

Kuhusu kipimo, mgeni anahitaji kujua maneno mawili. Dose ni sahani nzima, na aghalabu huwashibisha watu wawili. Meia dose ni nusu yake, na mtu mmoja mwenye njaa ya kweli hutosheka nayo. Chakula huja kwenye sinia, kila mtu akajipakulia. Kwingine supu huletwa na chungu chake kikaachwa mezani, mteja achote mpaka aseme basi. Viazi vikiisha, mhudumu huuliza kama aongeze. Mteja akiondoka na njaa, aibu ni ya mpishi.

Kuna desturi moja inayowakanganya wageni. Kabla ya kuagiza chochote, mtu hukuta mezani mkate, zeituni, siagi, pengine kipande cha jibini. Hiyo huitwa couvert, na ikiliwa hulipiwa. Sheria ya mwaka 2015 ya biashara na huduma inasema wazi kwamba mteja halipishwi couvert ambayo hakuiomba wala kuigusa. Asiyeitaka aseme tu iondolewe, hakuna atakayekasirika.

Hesabu yenyewe, katika migahawa ya kizamani, hufanyika mezani. Mhudumu huchomoa kalamu sikioni, huandika kwenye ile karatasi iliyotandikwa, hujumlisha kwa sauti mbele ya mteja, kisha huchana kipande na kumpa.

Mapishi ya watu waliokuwa na kidogo

Utamu wa chakula hiki umetoka kwenye uhaba. Alentejo ilikuwa nchi ya mashamba makubwa ya mabwana wachache, na watu wengi waliishi kwa kibarua cha siku. Mwaka 1929 serikali ilianzisha kampeni ya ngano, na tambarare hizo zikalimwa ngano hadi udongo ukachoka. Nyama ilikuwa ya wenye nacho. Kibarua alikuwa na mkate, mafuta ya zeituni, vitunguu saumu na majani yaliyojiotea kando ya vijito. Kwa vitu hivyo vinne wanawake wa Alentejo walijenga upishi mzima.

Mfano wake bora ni açorda. Mpishi hutwanga kwenye kinu vitunguu saumu, chumvi ya mawe na fungu kubwa la kotmiri, ile ambayo Kenya huitwa dania, mpaka vilainike na kuwa rojo la kijani. Rojo hilo hutiwa kwenye bakuli kubwa, likamiminiwa mafuta ya zeituni bila ubahili. Wakati huo mayai yanachemka taratibu, bila maganda, ndani ya sufuria ya maji. Maji yale yale yanayotokota humwagwa juu ya rojo, na harufu hupanda ghafla hadi meza ya jirani. Kisha humegwa vipande vya mkate wa juzi, mgumu, wenye gamba nene, vikazamishwa humo, na mayai yakawekwa juu. Mkate haupikwi; maji hayo ndiyo yanayouivisha. Huliwa kwa kijiko, na hutayarishwa kwa muda usiozidi robo saa.

Mkate mgumu huo huo hugeuzwa pia kuwa migas, ukikaangwa kwa mafuta na kuviringishwa hadi uwe donge laini lenye ukoko. Vipande vyake hutandikwa pia chini ya ensopado, mchuzi wa kondoo, ili vinyonye kila tone. Wakaao mbali na bahari wana hata mchuzi wa papa mdogo, sopa de cação, uliokolezwa kotmiri na siki. Samaki huyo alipendwa bara kwa sababu aliweza kustahimili safari ndefu kabla ya kuwepo kwa majokofu.

Ukipanda kaskazini hadi Minho, ngano inapisha mahindi. Hapo mkate ni broa, wa unga wa mahindi, mzito na wa rangi ya njano, na supu ni caldo verde: viazi vilivyochemshwa na kupondwa, kisha mboga ya jamii ya sukuma wiki iliyokatwa nyembamba kama nyuzi ikatumbukizwa dakika za mwisho ili isipoteze rangi. Mahindi yaliingia Ureno kutoka Amerika katika karne ya 16, na wanahistoria wengi wanawahusisha mabaharia wa Kireno na kufika kwa mahindi na muhogo kwenye pwani ya Afrika Mashariki. Mkulima wa Minho na mkulima wa Kilifi wamekuwa wakila matunda ya meli zile zile.

Katikati ya nchi, kwenye milima iliyo karibu na Coimbra, fahari ya meza ni chanfana. Hiyo ni nyama ya mbuzi jike aliyezeeka, ambaye maziwa yamemkauka. Nyama yake ni ngumu na ina harufu kali, kwa hiyo hulazwa kwenye mvinyo mwekundu pamoja na vitunguu saumu na majani ya bay, ikafungwa ndani ya chungu cheusi cha udongo na kuachwa saa nyingi kwenye tanuri la kuni. Ikitoka, uma unatosha. Kisu hakina kazi. Mji wa Miranda do Corvo hujivunia chakula hiki, na hakuna njia bora zaidi ya kuona jinsi maskini alivyomfaidi mnyama mpaka mwisho.

Almeirim, mji ulioko kwenye bonde la mto Tejo, una supu yake ya jiwe. Hadithi husema mtawa mwenye njaa alibisha hodi akiomba chungu na maji tu, kwa kuwa jiwe la kupikia supu anatembea nalo. Wenyeji wakashangaa. Akaomba chumvi kidogo, kisha mafuta, kisha maharage, kisha kipande cha soseji, mpaka supu ikakamilika na yeye akaondoka na jiwe lake. Leo migahawa ya Almeirim huuza supu hiyo nzito ya maharage mekundu, viazi, nyama na kotmiri, na baadhi yao huweka jiwe halisi ndani ya chungu.

Samaki aliyevuka bahari

Hakuna mgahawa wa kijijini usiopika bacalhau. Huyu ni samaki wa bahari za baridi za kaskazini, aliyepasuliwa, akatiwa chumvi na kukaushwa hadi akawa ng'onda mgumu kama ubao. Wareno walimfuata hadi pwani za Newfoundland, Kanada, tangu karne ya 16. Katika karne ya 20 serikali ya kidikteta ilijenga meli nyingi za kumvua, zilizopakwa rangi nyeupe. Kutoka kwenye meli hizo wanaume walishushwa kila mmoja na mtumbwi wake, wakavua kwa mshipi katikati ya ukungu, siku baada ya siku. Meli ya hospitali iliyowahudumia, Gil Eannes, ilijengwa Viana do Castelo mwaka 1955, na sasa ni makumbusho katika bandari ya mji huo. Siku hizi sehemu kubwa ya bacalhau hununuliwa Norway na Iceland.

Kumpika kunadai subira. Lazima alowekwe kwenye maji baridi siku moja hadi mbili, maji yakibadilishwa mara kadhaa, mpaka chumvi iishe na nyama ivimbe tena. Mpishi mzoefu huchuna kipande kidogo na kukionja kikiwa kibichi. Kikiwa bado na chumvi, anasubiri. Ndiyo maana kwenye mgahawa wa kweli bacalhau huwa ana siku yake maalumu katika wiki: alianza kutayarishwa juzi. Mwisho huchemshwa na viazi, kabichi, yai na dengu, au huchambuliwa na kukaangwa pamoja na viazi vyembamba na mayai. Usiku wa kuamkia Krismasi, nyumba nyingi za Wareno hula bacalhau wa kuchemsha.

Hesabu ya jikoni

Mtu wa Dar es Salaam ataielewa biashara hii haraka akimkumbuka mama ntilie: vyungu vichache, wateja wanaorudi, na hakuna kinachotupwa. Mgahawa wa kijijini Ureno hupika vyakula viwili au vitatu kwa siku, basi. Kikiisha, kimeisha, na menyu hufutwa. Nyama inayonunuliwa ni ile ya bei nafuu inayohitaji moto mdogo na muda mrefu. Mboga hutoka bustani ya nyuma ya nyumba au kwa jirani. Mafuta ya zeituni aghalabu hutoka kwenye miti ya ukoo. Mabaki ya leo huwa msingi wa supu ya kesho.

La muhimu zaidi ni kwamba wafanyakazi ni familia. Mama yuko jikoni, baba yuko kaunta, mtoto mmoja anahudumia meza, na jengo ni lao, hakuna kodi ya pango. Jioni nyingine hawafungui kabisa, kwa sababu kijijini mlo mkubwa ni wa mchana. Unafuu wa bei basi umetokana na kazi ya watu ambao saa zao hazihesabiwi kwenye hesabu yoyote, na sehemu kubwa ya saa hizo ni za wanawake.

Kwa muda mrefu ujuzi wa wanawake hao haukuandikwa popote. Aliyefanya kazi kubwa ya kuukusanya ni Maria de Lourdes Modesto, mzaliwa wa Beja huko Alentejo, aliyekuwa mpishi maarufu wa televisheni ya taifa tangu mwishoni mwa miaka ya 1950. Alikusanya mapishi kutoka kila mkoa, na mwaka 1982 akachapisha kitabu cha upishi wa jadi wa Kireno ambacho hadi leo hukutwa kwenye jikoni za Wareno. Alifariki mwaka 2022. Mengi ambayo watafiti na wapishi wakubwa wa Lisbon wanayajua leo kuhusu vyakula vya vijijini yamepitia mikononi mwake.

Sambusa juu ya kaunta

Msomaji wa Kiswahili atakayekaribia kaunta ya mgahawa huo atashangaa kukuta kitu anachokijua. Ndani ya kabati la kioo, kando ya vitumbua vya bacalhau, kuna chamuças. Ni sambusa, umbo lile lile la pembetatu, zilizofika Ureno kupitia Goa, India, na Msumbiji. Makoloni ya Ureno barani Afrika yalipopata uhuru kati ya 1974 na 1975, watu wapatao nusu milioni walihamia Ureno kutoka Msumbiji, Angola na kwingineko, na mapishi ya Afrika yakaja nao. Pilipili kali ambayo Wareno huiita piri-piri nayo imekaa kwenye chupa ya mafuta juu ya kila meza, na kuku wa kuchoma anayepakwa pilipili hiyo amekuwa chakula cha kila wiki. Mji mdogo wa Guia, huko Algarve, umejipatia jina kwa kuku huyo.

Vijiji vinavyopungua

Tatizo la migahawa hii ni watu. Katika miaka ya 1960 na mwanzoni mwa miaka ya 1970, zaidi ya Wareno milioni moja waliondoka nchini, wengi wakielekea Ufaransa, wakikimbia umaskini na vita vya ukoloni barani Afrika. Vijiji vya bara havikupona kabisa. Sensa ya mwaka 2021 ilihesabu watu milioni 10.3 nchini, na zaidi ya mmoja kati ya watano alikuwa ametimiza miaka 65 au zaidi. Mwezi Agosti waliohama hurudi na watoto na wajukuu wao, meza hujaa, na zipo familia ambazo mapato ya mwezi huo huzivusha majira ya baridi. Septemba milango ya nyumba nyingi hufungwa tena.

Serikali nayo imekuwa na mkono wake. Mwaka 2012, wakati wa mgogoro wa madeni, kodi ya ongezeko la thamani kwenye chakula cha migahawani ilipandishwa kutoka asilimia 13 hadi 23. Wenye migahawa midogo walilalamika kwamba hawana namna ya kumpelekea mwashi mzigo huo. Ilirudishwa asilimia 13 kuanzia Julai 2016. Kanuni za usafi pia zilikazwa. Mamlaka ya ukaguzi wa chakula iliyoundwa mwishoni mwa 2005 ililazimisha majiko mengi ya zamani kubadilishwa. Usalama uliongezeka, lakini kwa mzee mwenye meza nane gharama ya ukarabati ilikuwa kubwa kuliko faida ya miaka mingi.

Yapo pia ya kutia moyo. Barabara ya taifa namba 2, inayokata nchi kutoka Chaves kaskazini hadi Faro kusini kwa kilomita 739, imekuwa njia ya wasafiri wa magari, pikipiki na baiskeli wanaotaka kuona bara. Inapita katikati ya vijiji, na katika vijiji vingi msafiri anayefika saa sita hupata pa kula. Mwaka 2013 UNESCO iliiandikisha Ureno, pamoja na nchi nyingine, kwenye urithi wa ulaji wa Mediterania, na mwaka uliofuata ikauandikisha uimbaji wa pamoja wa Alentejo, cante, ambao wanaume wengi walijifunza kwenye vilabu na migahawa ya namna hii baada ya kazi. Mteja mmoja zaidi kwa siku, katika mgahawa wa meza kumi, ni tofauti inayoonekana.

Kwa msomaji atakayefika

Mwislamu, au yeyote asiyekula nguruwe, aulize kabla ya kuagiza, hata kwa supu ya mboga. Caldo verde hupambwa kwa kipande cha soseji ya nguruwe, na maharage mengi hupikwa na mafuta yake. Chanfana ina mvinyo, na wali wa cabidela hupikwa kwa damu ya kuku. Mwenye shaka achague samaki wa kuchoma, bacalhau, açorda au mayai, na aseme sem porco, bila nguruwe. 

Nenda mchana, kabla ya saa nane, kwa sababu chakula kizuri huisha mapema. Beba noti chache. Angalia magari yaliyoegeshwa nje: penye malori na magari ya mafundi, ingia. Agiza nusu kwanza. Acha nafasi ya wali wa maziwa, arroz doce, ambao mpishi huupamba kwa kubana mdalasini kati ya vidole viwili na kuchora nao mistari na maua juu ya sahani. Ukimaliza, mwite mpishi aje umshukuru mwenyewe, na kama kilo ya mkate wake au chupa ya mafuta ya zeituni ya shamba lake inauzwa, nunua. Pesa hiyo inabaki kijijini, na ndiyo inayoamua kama mwakani jiko litawashwa.